Mwalimu Nyerere, Chuo cha Mlimani na Deni la Msomi



Hekalu letu linapoadhimisha miaka yake, tumeona vyema kusimulia maisha ya mtu ambaye waumini na majirani wote wanamfahamu. Hatutasimulia yote. Tutafuata njia moja tu, ile iliyomfikisha kwenye kilima cha Chuo Kikuu, ndani ya Ubungo yetu hii, na swali lililomshughulisha kwa miaka mingi: msomi anamdai nini mfanyakazi, na mfanyakazi anamdai nini msomi?

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na Mama Mgaya. Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, pale Mwisenge, Musoma. Kutoka hapo alikwenda Tabora, kisha Makerere, na hatimaye Edinburgh, ambako alipata shahada yake mwaka 1952. Aliporejea alifundisha Pugu, hata mwaka 1955 ikambidi achague kati ya ualimu na siasa. Aliacha darasa, lakini jina la Mwalimu halikumwacha.

Safari hiyo ilimfunza kwamba elimu ya mtu mmoja hulipiwa na wengi. Mwaka 1964 alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichosalia ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta shehena. Asiporudi, amewasaliti waliobaki na njaa. Mfano huo ndio ufunguo wa mengi aliyoyafanya baadaye.

Chuo kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1964 kilihamia mlimani. Miaka miwili baadaye likaja jaribio kubwa. Serikali iliagiza wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa na kutumika kwa muda huku wakipokea sehemu ndogo tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Lakini siku hiyohiyo alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, akaanza na wake mwenyewe kwa kuupunguza kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi hao waliruhusiwa kurudi baadaye.

Miezi michache baadaye, Februari 1967, lilitoka Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1970 chuo kilipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mwalimu alikuwa Mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1973 kilifunguliwa Kitivo cha Uhandisi, ambacho wanafunzi wake walipaswa kwenda viwandani kujifunza kwa mikono. Wakati huo Ubungo ilikuwa imekwisha kuwa mtaa wa viwanda. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968 kando ya Barabara ya Morogoro. Hivyo maabara ya mlimani na mashine za bondeni zilikuwa karibu kiasi cha kutembeleana kwa miguu.

Sisi wenye asili ya Gujarati hatuwezi kusimulia maisha haya na kuuruka mwezi wa Aprili 1971, Serikali ilipotwaa majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuyakalia. Wengi wa walioguswa walikuwa wa jamii yetu, na familia nyingi zilihama. Uchungu ule ulikuwa wa kweli. Ni kweli vilevile kwamba mtu huyohuyo, Oktoba 1961, alisimama Bungeni kuwapinga waliotaka uraia upimwe kwa rangi ya ngozi, akiwa tayari kujiuzulu kwa ajili ya jambo hilo. Tuliobaki tulibaki kama raia, na mizani ya haki inatutaka tuyataje yote mawili.

Haki katika malipo ilisonga mbele. Mwaka 1977 Mwalimu alieleza kwamba, baada ya kodi, tofauti kati ya mshahara wa juu na wa chini katika utumishi wa umma ilikuwa imeshuka kutoka takriban mara 50 wakati wa Uhuru hadi mara 9. Lakini uzalishaji haukwenda sambamba na haki hiyo. Viwanda vilikosa vipuri, maduka yakakosa bidhaa, na mshahara ulio sawa haukuwa na cha kununua. Machi 1978 wanafunzi wa mlimani waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza za marupurupu ya viongozi, nao wakafukuzwa. Tunaona kwamba siku hiyo wanafunzi walikuwa wamelishika somo la mwaka 1966 kuliko serikali yenyewe.

Mwalimu alistaafu urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kijijini kwake.

Maisha haya yanatufundisha kwamba haki bila uzalishaji hukauka, na uzalishaji bila haki huzaa manung'uniko. Chuo Kikuu ndicho chenye uwezo wa kuviunganisha, kwa kuwa ndicho kinachomfunza mhandisi wa mashine, mhasibu wa hesabu za kweli na mwanasheria wa mikataba ya kazi. Lakini hakiwezi peke yake. Kila mwaka wanafunzi huteremka mlimani wakitafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo, na wengi hugonga milango ya karakana, maduka na viwanda vyetu, kuanzia Manzese hadi Kimara.

Basi tunawaomba wenye biashara, waumini na majirani, tuwafungulie. Tuwape kazi ya kweli yenye kufundisha badala ya kuwatuma chai, na tuwalipe angalau nauli na chakula cha mchana. Tuwapelekee wahadhiri matatizo yetu ya umeme, ya vifungashio na ya hesabu. Na mwanafunzi atakapouliza kama wafanyakazi wetu wana mikataba na wanachangiwa mafao yao, tuwe na jibu la kumwonesha kwenye karatasi. Sisi Wahindu huita huduma isiyodai malipo seva. Mwalimu aliiita deni. Kwa mfanyakazi anayeingoja, ni jambo lilelile.