Padri Alexis Kagame na Swali la Mzima na Mzimu

Askari aliyewahi kumbeba mwenzake aliyeuawa anajua jambo ambalo kuruta hafundishwi. Saa moja kabla, mwenzake alikuwa ni yeye. Sasa watu wote, bila ya kuamriwa na mtu, wanasema mwili wa fulani. Jina lingali la mwenyewe, bali kilicholala katika machela kinatajwa kama mali iliyoachwa na mwenyewe. Ni nani basi aliyeondoka, na alikuwa amekaa wapi ndani ya mwili ule? Katika safu yetu ya leo tunaeleza maisha ya mtu aliyelitafutia swali hilo jibu katika maneno ambayo wakulima na wachungaji wa nchi zetu huyatumia kila siku. Mtu huyo ni marehemu Padri Alexis Kagame wa Rwanda, ambaye msomaji asimchanganye na Rais Paul Kagame wa nchi hiyo hiyo.

Kwanza tutazame huku kwetu. Ukitoka Mbarara ukaelekea kusini-mashariki, ukapita Isingiro, utafika katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na humo kimo kijiji cha Misiera. Makazi hayo yalianza kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha wakafuatwa na Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Polisi aitwaye usiku kwenye nyumba ya msiba mahali kama hapo atasikia lugha kadhaa, lakini akitega sikio atalitambua shina moja: umuntu kwa Mnyarwanda, omuntu kwa Mnyankole, mtu kwetu sisi wasema Kiswahili. Mkimbizi ameacha ng'ombe, shamba na makaburi ya wazee wake, lakini maneno hakuyaacha. Tena kwake yeye swali letu si la darasani. Wazee waliozikwa ng'ambo ya mpaka, je, wamebaki kule pamoja na mifupa yao, ama wamekuja naye? Jibu lake hutegemea mtu anavyoamini kuwa nafsi na mwili vimefungamana kwa namna gani.

Alexis Kagame alizaliwa tarehe 15 Mei 1912 huko Kiyanza, katika ukoo uliohusiana na abiru, yaani watunza siri na taratibu za ufalme wa Rwanda. Alisoma shule ya serikali Ruhengeri, akaingia seminari ya Kabgayi, na mwaka 1941 akapewa upadri. Alipata kuwa mhariri wa gazeti la Kinyamateka, na kwa ruhusa ya Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa aliwakalia wazee wa ikulu, akisikiliza na kuandika mashairi ya wafalme na kanuni ambazo kabla ya hapo zilihifadhiwa vichwani tu. Fikirini kazi ile! Mzee mmoja akifa, sehemu nzima ya historia ilizikwa pamoja naye. Huenda ndipo kijana huyu alipoanza kujiuliza ni nini hasa kilichomo ndani ya kichwa cha mtu, kisichoonekana wala kushikika, ambacho siku moja kipo na siku ya pili hakipo. Hilo ni wazo letu tu, lakini hatuoni kuwa ni la mbali.

Wenzetu wa jeshi watapenda kujua kwamba aliandika pia habari za majeshi ya Rwanda ya kale, katika vitabu vilivyotoka 1961 na 1963. Jeshi katika nchi ile halikuwa kundi la wapiganaji peke yake: lilikuwa na watu wake, ng'ombe wake na majigambo yake, na mtoto alizaliwa ndani ya jeshi la baba yake. Neno la Kinyarwanda kwa jeshi ni ingabo, na hilo ndilo pia neno la ngao, kama sikio la Mswahili litakavyokwisha kutambua.

Mwaka 1952 alitoa kitabu juu ya sheria na vyeo vya Rwanda ya kabla ya wakoloni. Wabelgiji hawakukipenda, kwa kuwa kilionyesha dola iliyokuwa na utaratibu wake kabla wao hawajafika. Askofu akashawishiwa amwondoe nchini, naye akapelekwa Roma. Wakubwa wale walidhani wanamnyamazisha. Kumbe walikuwa wamempa nafasi ya kusoma: katika Chuo Kikuu cha Gregoriana alipata shahada ya udaktari wa falsafa mwaka 1955, na kazi aliyoifanya kwa shahada hiyo ikatolewa kuwa kitabu kikubwa juu ya falsafa ya Wabantu wa Rwanda.

Na hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Kagame alisema kwamba Kinyarwanda hukipanga kila kilichopo katika mafungu manne. Kuna umuntu, yaani chenye akili; kuna ikintu, kisicho na akili, awe mnyama, mti au jiwe; kuna ahantu, ambako ni mahali na wakati; na kuna ukuntu, ambayo ni namna ya kuwa. Mnyama, kwa maelezo yake, ni mwili uliounganika na kivuli, na muungano huo ndio uhai wake. Afapo, kivuli hutoweka na habari yake imekwisha. Mtu naye ana uhai wa namna hiyo, lakini ana na muungano wa pili, wa mwili na akili, ambao Wanyarwanda huuita amagara. Mnyankole wa Mbarara hutumia neno hilo hilo anaposema habari za afya. Muungano ukivunjika, kivuli hutoweka kama cha mnyama, ila akili haitoweki: aliyekuwa mzima huwa muzimu. Hana uhai tena, lakini yupo.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Tunasema mzima, tunasema mzimu, tunasema kuzimu. Na katikati ya mzima na mzimu kuna neno lingine ambalo kila askari analifahamu, nalo ni kuzimia. Mwenzako amepigwa na jua gwaride, ameanguka, moyo unapiga, pumzi inaingia na kutoka, lakini yeye hayupo. Baada ya dakika chache anafumbua macho na kuuliza yuko wapi. Mwili haukuondoka hata hatua moja. Kilichokwenda na kurudi ni nini?

Huko Ulaya swali hili lilishughulikiwa sana na Descartes, Mfaransa ambaye ujanani aliwahi kuwa askari katika jeshi la Uholanzi, na ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1641 aliitenga akili na mwili kuwa vitu viwili mbalimbali. Wasomi wamebishana hadi leo jinsi vitu viwili vya aina hiyo vinavyoweza kusukumana, akili ikaagiza na mkono ukainuka. Kagame alishika njia nyingine. Kwake yeye, mtu aliye hai hakufanywa kwa vipande viwili vilivyowekwa jirani. Muungano wenyewe ndio mtu, na lugha imeupa jina.

Tusifiche kwamba alipingwa, tena na Waafrika wenzake. Paulin Hountondji wa Benin aliona si halali kuchukua maneno ya watu na kudai kuwa taifa zima lina falsafa moja isiyo na mwenyewe. Sisi nasi tunaona hatari nyingine katika njia ya kufuata maneno. Kiswahili hicho hicho kinachosema mzima husema pia kuzima moto, na neno moja likaonekana kubeba uhai na kukoma kwa uhai. Anayetegemea sauti za maneno bila ya tahadhari anaweza kuthibitisha lolote alitakalo.

Liko na jambo ambalo madaktari wanalijua, na wake za askari wanalijua kuwapita madaktari. Mtu hujeruhiwa kichwani, akapona, akatembea, akala, lakini akarudi nyumbani mtu mwingine: mpole amekuwa mkali, mwenye kumbukumbu hamjui mwanawe. Mwili upo na uhai upo. Ikiwa akili inaweza kubaki hata baada ya mwili kuoza, mbona kipande kidogo cha chuma katika ubongo kinaweza kuigeuza hivyo? Hatukuona kwamba Kagame alilijibu swali hilo, na anayemsoma kwa haki lazima aseme hivyo. Lakini tazameni jambo lililo upande wake: mke wa majeruhi yule haendi kutafuta mume aliyepotea. Anaendelea kumwita kwa jina lake, anamlisha, anamngoja. Kwake muungano umejeruhiwa, haujavunjika.

Kagame alirudi Rwanda mwaka 1958, akafundisha seminarini na baadaye katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilichofunguliwa mwaka 1963. Lubumbashi pia walimwalika kufundisha. Ufalme ambao siri zake alizitunza ulikuwa umekwisha, na wengi waliouhudumia walikuwa wametawanyika, baadhi yao huku Nakivale. Yeye akaendelea na kazi. Mwaka 1976 alitoa kitabu cha pili cha falsafa, ambamo alizilinganisha lugha nyingi za Kibantu, atazame kama mafungu yake manne yanapatikana na nje ya Rwanda. Aliteuliwa pia katika kamati ya kimataifa iliyosimamia uandishi wa historia ya Afrika chini ya UNESCO.

Alifariki dunia mjini Nairobi tarehe 2 Desemba 1981, akiwa na umri wa miaka 69, mbali na kwao, kama walivyofariki Wanyarwanda wengi wa kizazi chake.