MAISHA YA BWANA EDGAR SENGIER NA MAWE YA SHINKOLOBWE



Mara nyingi maisha ya watu wakubwa yanaandikwa ili tuwafuate. Leo tunaandika juu ya mtu mmoja ambaye hatujapatana katikati yetu kama tumsifu ao tumlaumu. Wengi hamujasikia jina lake. Lakini ni yeye aliyefunga kamba kati ya Kongo yetu na miji miwili ya Ujapani, Hiroshima na Nagasaki.

Edgar Sengier alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1879 katika mji wa Kortrijk, Ubelgiji. Alisoma kazi ya machimbo kwenye chuo kikuu cha Leuven, akamaliza mwaka 1903. Kwanza alitumika kule Uchina katika mambo ya tramu. Mwaka 1911 aliingia katika Union Minière du Haut-Katanga, ile sosiete ya Wabeleji iliyochimba shaba ya Katanga. Akapanda cheo hata akawa mukubwa wake.

Mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Sharp, alikuta mawe ya rangi pahali panapoitwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Ndani yake mulikuwa uraniumu. Siku zile uraniumu haikuwa na maana. Watu walitafuta radiumu, iliyouzwa bei kali sana juu ya kutibu kansa. Mawe yalipelekwa Olen, Ubelgiji, radiumu ikatolewa, na uraniumu ikabaki karibu takataka, kitu cha kutia rangi kwenye vioo na vyombo vya udongo. Mwaka 1937 chimbo lilifungwa, maji yakajaa ndani.

Basi mwezi wa 5 mwaka 1939, Sengier akiwa London, mwenye elimu mmoja wa serikali ya Uingereza, Sir Henry Tizard, alimwonya kwamba mawe yake yanaweza kuleta msiba mkubwa kama adui akiyapata. Sengier hakusahau neno lile. Vita ilipoanza alihamia New York. Mwaka 1940 Wadachi wakaingia Ubelgiji, wakakamata uraniumu ya sosiete iliyokuwa imebaki kule. Mbele mwaka ule kuisha, yeye mwenyewe, pasipo kuagizwa na serikali yoyote, alitoa amri mawe yaliyokuwa tayari Katanga yaletwe Marekani. Tani zaidi ya 1,100 zilikwenda kwa treni mpaka bandari ya Lobito, Angola, kisha kwa merikebu. Ziliwekwa kwenye kisiwa cha Staten Island, New York, ndani ya mapipa ya chuma zaidi ya 2,000. Zikakaa pale karibu miaka miwili, hakuna aliyezitaka.

Tarehe 18 Septemba 1942 ofisa wa jeshi la Marekani, Koloneli Kenneth Nichols, aliingia katika biro ya Sengier. Saa moja haikupita, wakawa wamesikilizana. Mapatano waliyaandika kwenye karatasi ya manjano. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na uraniumu karibu asilimia 65, wakati kwingine hata mawe ya asilimia 1 yalihesabiwa kuwa mazuri. Jeshi la Marekani likatuma watu kuvuta maji, chimbo likafunguliwa tena.

Hapa tusimame kidogo. Nani alishuka katika shimo lile? Ni baba zetu wa Katanga. Walichimba, wakachagua mawe kwa mikono yao, vumbi likawaingia puani na kifuani. Hawakuambiwa mawe yanakwenda wapi wala yatafanya nini. Sengier alionywa kule London. Wao hawakuonywa.

Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo ya asubuhi, bomu la uraniumu lilipasuka juu ya Hiroshima. Asubuhi ile maelfu ya wanafunzi wa miaka 12 na 13 walikuwa nje, wametumwa kubomoa nyumba ili kufungua njia ya kuzuia moto wa vita. Walikuwa wadogo kuliko sisi. Wengi wao hawakurudi nyumbani. Siku tatu nyuma yake, bomu la pili lilipiga Nagasaki, si mbali na kanisa kubwa la Urakami, na Wakristo maelfu wakafa. Mpaka mwisho wa mwaka ule, watu waliokufa Hiroshima walihesabiwa karibu 140,000, na Nagasaki zaidi ya 70,000. Wengine waliendelea kufa miaka mingi kwa kansa ya damu. Sehemu kubwa ya uraniumu iliyotumika katika kazi ile ya kutengeneza mabomu ilitoka Shinkolobwe.

Sengier alipata sifa. Mwaka 1946 serikali ya Marekani ilimpa medali kubwa. Jiwe moja la Katanga lenye shaba na uraniumu liliitwa kwa jina lake, sengierite. Alikufa tarehe 26 Julai 1963 kule Cannes, Ufaransa, akiwa mzee wa miaka 83.

Tutasema nini juu yake? Wamoja kati yetu wanasema alifanya vema, juu kama Hitler angepata mawe yale, dunia ingeona mabaya zaidi. Maneno hayo ni ya kweli. Wengine wanasema kwamba mtu akiisha kuonywa, hawezi kusema yeye ni mwuzaji tu. Kaini naye alipoulizwa habari za ndugu yake, alijibu kana kwamba kumuangalia si kazi yake. Sisi hatukuwekwa kuwa waamuzi wa Sengier. Mungu anamjua. Lakini swali lenyewe linabaki kwetu, juu kamioni za koltani ya Masisi zimepita sana katika barabara zetu, na sisi pia tuliziangalia tu.

Jambo moja limetugusa kuliko yote. Kule Hiroshima, chini ya jiwe la ukumbusho, kuna vitabu vya majina ya wafu. Kila mwaka majina mapya yanaongezwa, na leo yamepita 340,000. Sengier ana jina lake juu ya jiwe. Wafu wa Hiroshima wana majina katika kitabu. Wachimbaji wa Shinkolobwe je? Shimo lao lilizibwa kwa saruji mwaka 1960. Watu wakarudia kuchimba pale kwa mikono, na mwaka 2004 udongo ukaanguka, ukaua watu 8.

Sisi wa Goma tunalijua jambo hili. Mwaka 1994, wakati wa kipindupindu, wazazi wetu waliona wakimbizi wakizikwa pamoja katika mashimo, hakuna jina. Na nyuma yake vita haikutupumzisha. Mtu asiye na jina, ni rahisi kumsahau, na aliyesahauliwa, ni rahisi kumwua mara ya pili.

Kwa hiyo tunaomba kitu kidogo. Tarehe 6 Agosti masomo yanakuwa yamefungwa, kila mtu yuko kwao. Saa ile ya Hiroshima, huku Goma ni saa saba na robo ya usiku, tunalala. Basi asubuhi, mukiamka, muombe juu ya watu wa miji ile miwili na juu ya wachimbaji wa Shinkolobwe. Kisha kila mmoja amwulize mzee wa nyumbani kwao jina la mtu mmoja wa jamaa aliyekufa katika vita na hana kaburi, aliandike katika daftari. Masomo yakifunguliwa, tuyalete majina hayo, tuyasome pamoja kwenye ibada ya kwanza.

Mungu awabariki.

Sisi wanafunzi wa mwaka wa mwisho