Bi Aisha (r.a.): Mama wa Waumini Asiyejaaliwa Mtoto

 

Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu, Bi Aisha (r.a.), binti wa Sayyidna Abubakar (r.a.), tunamjua sote kwa elimu yake. Lakini ni wachache wetu tunaokumbuka kwamba hakujaaliwa kupata mtoto. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo, kwa sababu katika majumba yetu wamo watu wazima wenye mtihani huo, nasi mara nyingi tunawaumiza kwa maneno.

Waarabu walikuwa na desturi ya kumwita mtu kwa jina la mwanawe, kama sisi tunavyosema Mama Salma au Baba Khamis. Jina hilo huitwa kuniya. Bi Aisha aliwaona wanawake wenzake wote wana kuniya, yeye hana. Akamweleza Mtume (s.a.w.) jambo hilo. Mtume hakumcheka wala hakumpuuza. Alimwambia ajiite kwa jina la Abdullah bin Zubayr, mtoto wa dada yake Bi Asmaa (r.a.). Tangu hapo akaitwa Ummu Abdillah. Tazameni upole huo! Hakuachwa nje ya wenzake.

Mtume (s.a.w.) alipofariki mwaka wa 11 Hijria (632), Bi Aisha alikuwa bado kijana. Qur'an ilikuwa imeshakataza wakeze kuolewa baada yake (33:53), hivyo mlango wa kupata mtoto ulifungwa kabisa. Akaishi karibu miaka 47 mingine.

Je, aliitumiaje miaka hiyo? Nduguye Muhammad bin Abubakar alipouawa huko Misri mwaka wa 38 Hijria, aliacha mtoto mdogo aitwaye Qasim. Shangazi yake Bi Aisha akamchukua, akamlea na kumsomesha. Pia alimlea Amra binti Abdurrahman. Na Urwa bin Zubayr, ndugu wa Abdullah, alikuwa haondoki mlangoni kwa mama yake mdogo, akiuliza na kuhifadhi. Qasim na Urwa wakawa miongoni mwa mafakihi saba wa Madina, na Amra akawa mwanachuoni ambaye Khalifa Umar bin Abdul-Aziz aliagiza Hadithi zake ziandikwe.

Masahaba wakubwa nao walipotatizwa na mas'ala walimwendea yeye. Hadithi zilizopokewa kwake ni 2,210. Hukumu nyingi za tohara, Swala na maisha ya nyumbani tunazosoma hapa madrasa zimetufikia kupitia kwake.

Bi Aisha alifariki Madina katika mwezi wa Ramadhani mwaka wa 58 Hijria (678). Abu Hurayra (r.a.) alimsalia, akazikwa usiku katika makaburi ya Baqii. Walioingia kaburini kumlaza ni watoto wa ndugu zake, wakiwemo Abdullah, Urwa na Qasim. Hakuzaa hata mmoja, na hakukosa wa kumzika.

Ndugu zetu, tuna mafunzo gani hapa? Kwanza, Allah (s.w.) ametufahamisha katika Suratu Shuura (42:49-50) kwamba humpa amtakaye watoto wa kike, amtakaye wa kiume, wengine huwapa wote, na amtakaye humfanya asizae. Basi kukosa mtoto si aibu wala si adhabu, ni kadari yake Mola. Mwenye kumwita mwenzake tasa, au kumuuliza kila harusi lini atazaa, na ajue anamuudhi kwa jambo lisilo mkononi mwake.

Pili, nyinyi wanafunzi, mnao makhaloo, mashangazi na maami wasio na watoto. Waamkieni, watumikieni, wasomeeni mlichojifunza. Wazazi nao wasione tabu kuwashirikisha katika malezi, kwani mtoto aliyelelewa na wengi hapungukiwi.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaruzuku wanaotaka watoto, awape subira na heshima wasiojaaliwa, na atujaalie sote ndimi zisizoumiza. Amin.