Al-Khwarizmi: Mwenye Jina Linalotajwa Kila Siku

Kila anayesoma kompyuta hulitaja jina la Mwislamu mmoja, aghalabu bila ya kujua. Naye ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, ambaye maisha yake ndiyo niliyonuia kuwasimulia wasomaji wangu leo.

Alizaliwa mnamo mwaka 780 hivi. Nisba yake ni ya Khwarizm, nchi iliyo kusini ya bahari ya Aral. Kazi yake aliifanya Baghdad, katika Baitul Hikma, zama za Khalifa al-Maamun aliyetawala tangu 813 hadi 833. Alitunga majedwali ya nyota, akaandika kitabu cha sura ya ardhi, na kingine cha kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi.

Lakini kilichompa sifa ni kile cha al-jabr wal-muqabala. Sehemu yake kubwa ni mirathi na wasia, pamoja na biashara na upimaji wa ardhi. Waama, aljebra hii inayokimbiwa na watoto wetu iliandikwa kwa haja za watu: mrithi apate fungu lake, na washirika wagawane kwa haki.

Ndani yake hamna x wala y. Yote ni maneno, hatua kwa hatua. Tuseme idadi fulani imezidishwa kwa yenyewe, kisha ikaongezwa mara kumi yake, jumla ikawa 39. Chukua nusu ya kumi, ni 5. Tano mara tano ni 25. Ongeza 39, upate 64. Kipeuo chake cha pili ni 8. Toa 5, zabaki 3. Afuataye hatua hizo atafika, awe Basra au Barawa.

Alifariki mnamo 850 hivi. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu cha aljebra kwa Kilatini, huko Segovia, Hispania. Kile cha tarakimu nacho kilifasiriwa, jina la mwenyewe likatamkwa Algoritmi. Hapo ndipo lilipozaliwa neno algoritimu, yaani mpango wa hatua ambao kompyuta huufuata.

Niliyakumbuka haya nilipozuru Migori, kwenye Chuo Kikuu cha Rongo, na Homa Bay, kwenye Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Vijana niliokutana nao safarini walikuwa wakibishana: mwanafunzi aanze na lugha gani ya kompyuta, C, Java au Python? Si ubishi mdogo. Mzazi anayelipa karo kwa miwa au kwa omena ana haki ya kuuliza iwapo lugha hiyo itamfaa mwanawe baada ya miaka kumi.

Miaka ya 1980 vyuo vingi vilifundisha Pascal, aliyoitunga Niklaus Wirth mwaka 1970 mahsusi kwa kufundishia. Ikaja Java mwaka 1995, na leo wengi huanza na Python. Lugha hupita, hatua hubaki. Ndiyo maana mwaka 1979 mabingwa wa kompyuta, akiwamo Donald Knuth, walikutana Urgench, huko huko Khwarizm, kuijadili algoritimu.

Basi walimu na wachague lugha waitakayo. Lakini kijana asiyeweza kuzipanga hatua za kugawa mirathi kwa kalamu na karatasi, hakuna lugha ya kompyuta itakayompangia. Allah amrehemu al-Khwarizmi.