Josephine Baker: mwili mmoja, magazeti mbalimbali

Leo, mwanamke akiuza picha zake za uchi kwenye intaneti, habari zake zinasambaa haraka: huku anaitwa malaya, kule anaitwa mfanyabiashara, pengine mhanga. Lakini mambo haya hayakuanza na simu. Karibu miaka 100 iliyopita, Josephine Baker aliyapitia, na kila inchi ilimuandika kivyake.

Alizaliwa tarehe 3 Juni 1906 huko Saint Louis, Marekani. Mama yake alikuwa akifua nguo za watu. Josephine alianza kufanya kazi kwa wazungu akiwa na miaka 8, na kwenye miaka 13 alikuwa tayari ameolewa. Kucheza ndiko kulimtosha katika umaskini.

Tarehe 2 Oktoba 1925, akiwa na miaka 19, alipanda jukwaani Paris karibu uchi, manyoya ya ndege tu mwilini. Mwaka uliofuata alivaa mkanda wa ndizi, na ile picha ikazunguka dunia. Wafaransa walilipa ili waone Afrika. Kumbe Josephine hakuwa amefika Afrika hata siku moja. Ile Afrika ilitungwa pale pale Paris.

Wandishi wa Paris waligawanyika. Wengine walimsifu kama sanaa mpya. Katika gazeti Le Figaro, Robert de Flers aliandika kwamba michezo ya namna hiyo inarudisha watu kwenye unyani. Huko Vienna, mwaka wa 1928, wakristo walimpinga na bunge likajadili mavazi yake. Mwaka wa 1929, polisi ya Munich ilikataza onyesho lake.

Mwaka wa 1936 alikuwa jukwaani Marekani, akiwa nyota. Magazeti ya New York yalimdharau sana, hata jarida Time likatumia tusi juu ya rangi yake. Baadaye nafasi yake katika onyesho lile ilichukuliwa na Gypsy Rose Lee, mwanamke mzungu aliyepata jina kwa kuvua nguo mbele ya watu. Basi uchi peke yake haukuwa shida. Shida ilikuwa pia ni nani aliye uchi.

Josephine akapata uraia wa Ufaransa mwaka wa 1937. Wakati wa vita aliisaidia Ufaransa kupitisha siri za adui, zingine zikiandikwa kwa wino usioonekana juu ya karatasi zake za muziki. Alipewa medali. Yule msichana wa ndizi akawa shujaa.

Lakini Oktoba 1951, katika klabu moja ya New York, hakuhudumiwa kwa sababu ni mweusi, naye hakunyamaza. Walter Winchell, mwandishi aliyesomwa na mamilioni, akamshutumu kuwa upande wa wakomunisti. Kontra zake zikavunjwa. Kalamu ya mtu mmoja ilitosha kumfungia milango katika inchi aliyozaliwa. Hata hivyo, tarehe 28 Agosti 1963 alisimama Washington, amevaa mavazi ya kijeshi ya Ufaransa, akazungumza mbele ya umati uliodai haki za weusi.

Alilea watoto 12 kutoka mataifa mbalimbali. Madeni yakamnyang'anya nyumba yake kubwa ya Milandes, kwa hiyo alirudi jukwaani akiwa mzee. Tarehe 8 Aprili 1975 Paris ilimshangilia tena. Siku mbili baadaye alikutwa kitandani, amepoteza fahamu, magazeti yenye kumsifu yakiwa yametawanyika pembeni. Alikufa tarehe 12 Aprili, akiwa na miaka 68.

Tarehe 30 Novemba 2021 Ufaransa ilimuingiza Panthéon, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Mwili ulikuwa ule ule tangu mwanzo, na mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni maneno ya wale waliomuandika, na kila neno lilikuwa na bei yake, naye ndiye aliyelipa.