Kimya cha Chale kilikuwa na mshindo mkuu

Ubishi wa mashabiki wa sinema haupitwi kwa ukali na ule wa mashabiki wa kandanda. Nimeusikia hivi karibuni pale Mwembe Tayari, kisiwani Mombasa, karibu na ofisi za mabasi, ambapo wasafiri, wachuuzi na wanywaji kahawa hukutana wakasahau haraka zao. Hoja iliyokuwa mbele ya baraza ilikuwa hii: kati ya nyota wa filamu bubu, zile za kabla ya picha kupewa sauti, ni nani aliyestahiki kuitwa bingwa wao?

Mzee mmoja, aliyekula ujana wake katika majumba ya Regal, Majestic na Naaz, hakutaka kusikia jina jingine ila la Charlie Chaplin. Kijana aliyeziona filamu hizo katika simu yake alimpigia debe Buster Keaton, bwana asiyetabasamu, ambaye katika filamu ya mwaka 1928 aliangukiwa na ukuta mzima wa nyumba akasalimika kwa kuwa alisimama panapo dirisha. Wa tatu alimtetea Harold Lloyd, mwenye miwani, aliyening'inia kwenye akrabu ya saa ya ghorofani katika filamu ya mwaka 1923. Kila mmoja alikuwa na hoja yake, na hakuna aliyetoa uamuzi.

Mimi nautoa hapa, ndugu msomaji. Namchagua Chaplin, wala si kwa sababu aliwashinda wenzake katika kuanguka na kuinuka. Huenda Keaton alimpita kwa wepesi wa viungo, na Lloyd kwa kututia kiwewe. Lakini hao wawili hawakutuachia neno. Katika Kiswahili chetu mtu wa vichekesho huitwa chale, na wengi huamini kwamba neno hilo ni jina lake Charlie lililovikwa kanzu ya pwani. Mtu ambaye jina lake hugeuka kuwa nomino ya kawaida katika lugha asiyoijua si mtu wa kupuuzwa. Naam, yafaa walimu na wanafunzi wetu wayajue maisha yake.

Charles Spencer Chaplin alizaliwa London tarehe 16 Aprili mwaka 1889. Wazazi wake wote wawili walikuwa waimbaji wa majukwaani. Baba aliitelekeza familia, akazama katika ulevi, na mwaka 1901 akafa angali na miaka 38. Mama, Hannah, alibaki na watoto wawili, Sydney na Charlie, huku sauti iliyokuwa riziki yake ikimtoka. Chaplin alisimulia baadaye kwamba alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 5, usiku ambao sauti ya mama ilikatika mbele ya hadhira, naye akasukumwa mbele aimbe badala yake.

Mwaka 1896 mama na wanawe waliingia katika makao ya mafukara ya Lambeth. Humo mzazi alitenganishwa na watoto wake, na mtoto wa miaka 7 akapelekwa Hanwell, shule ya mayatima na maskini. Hannah alirukwa na akili, akalazwa hospitalini mara kadhaa. Kuna siku mtoto huyo alimpeleka mama yake hospitalini mwenyewe, kisha akarudi katika chumba kitupu. Nawaomba walimu walisome tukio hilo mara mbili. Katika kila darasa la nchi yetu pana mtoto anayesinzia, asiye na sare kamili, asiyejibu swali. Twaharakisha kumwita mzembe, na huenda amebeba nyumba nzima kichwani.

Riziki yake ilitoka jukwaani, alikoanza kwa kucheza dansi na kundi la wavulana. Mwaka 1908 alijiunga na kundi la Fred Karno, na humo ndimo alimojifunza kusema kwa bega, kwa nyusi na kwa kisigino. Kundi hilo lilimpeleka Marekani mwaka 1910 na tena mwaka 1912. Kufikia mwisho wa mwaka 1913 alikuwa ametia saini mkataba na kampuni ya filamu ya Keystone kwa mshahara wa dola 150 kwa juma.

Mapema mwaka 1914 alizaliwa yule mzururaji tunayemjua sote: suruali pana, koti la kubana, viatu vikubwa, kofia ndogo, masharubu mafupi na kifimbo. Tazama uhasama uliomo katika mavazi hayo. Juu ni muungwana, chini ni fukara. Kifimbo na kofia vyadai heshima ilhali suruali na viatu vyaikana. Ndiyo sababu mpagazi wa Kilindini na karani wa London waliweza kumcheka mtu mmoja kwa kicheko kimoja: kila mmoja aliijua ile kazi ya kushika adabu tumbo likiwa tupu.

Mafanikio yalimjia kama mvua za masika. Mwaka 1916 kampuni ya Mutual ilimpa dola 670,000 kwa mwaka, kiasi ambacho waigizaji wengi hawakukiota. Mwaka 1918 alitoa Shoulder Arms, kichekesho cha askari katika mahandaki yenye matope, wiki chache tu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kumalizika. Mwaka 1919 aliungana na Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith wakaanzisha United Artists ili wasanii wawe na kauli juu ya jasho lao. Mwaka 1921 ikaja The Kid, hadithi ya mzururaji amleaye mtoto aliyetupwa. Maafisa wanapokuja kumchukua mtoto huyo wampeleke kwenye makao ya mayatima, mwenye kuyajua ya Hanwell hahitaji kuelezwa uchungu ule ulitoka wapi.

Oktoba mwaka 1927 filamu ya The Jazz Singer ilisikika ikiimba na kusema, na katika miaka michache Hollywood nzima ikageukia sauti. Wengi walidhani Chaplin angefuata mkumbo. Hakufuata. Alijua kwamba mzururaji wake akifungua kinywa atakuwa Mwingereza mmoja asemaye Kiingereza, na walimwengu wengine wote watakuwa wageni wake. Akaitengeneza City Lights, iliyoonyeshwa mwaka 1931, bila mazungumzo.

Humo mna somo ambalo halijapitwa na wakati. Mzururaji anakutana na msichana kipofu auzaye maua, na lazima msichana huyo amdhanie kuwa tajiri. Utalionyeshaje jambo hilo bila neno? Inasemekana Chaplin alirudia onyesho hilo zaidi ya mara 300. Jibu alilolipata ni mlango wa gari: mzururaji anapita ndani ya gari la tajiri ili kukwepa msongamano, mlango unafungwa, na kipofu kwa kuusikia anaamini kwamba mwenye gari ndiye aliyeshuka. Sauti isiyosikika na mtazamaji ndiyo inayoibeba hadithi yote. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mwaka huo wa 1931 alikutana na Mahatma Gandhi jijini London, wakazungumza juu ya mashine na hatima ya mfanyakazi. Mwaka 1936 Modern Times ilituonyesha kibarua wa kiwandani anayekaza skurubu hadi mikono yake inakataa kusimama. Mwaka 1940, katika The Great Dictator, hatimaye alisema. Alimdhihaki Hitler, aliyezaliwa siku 4 tu baada yake mwaka ule ule wa 1889, na kuufunga mchezo kwa hotuba ndefu ya kutetea utu. Wako wanaosema kwamba hotuba ile iliiharibu sanaa yake. Mimi nasema kwamba mtu aliyenyamaza miaka 26 mbele ya kamera alikuwa na haki ya kuchagua siku ya kusema.

Alilipa kwa kusema. Marekani ya baada ya Vita vya Pili ilijaa hofu ya ukomunisti, naye alishukiwa kwa maoni yake na kwa kutochukua uraia wa huko. Septemba mwaka 1952, akiwa baharini kuelekea London kuizindua Limelight, kibali chake cha kurejea kilifutwa. Akahamia Uswisi. Mcheza kwao hutunzwa, lakini Chaplin, aliyecheza ugenini kwa takriban miaka 40, alitunzwa kwa kufungiwa mlango. Mwaka 1972 alialikwa kurudi kupokea tuzo ya heshima ya Oscar, na ukumbi mzima ukasimama ukampigia makofi kwa dakika nyingi. Mwaka 1975 Uingereza ilimpa cheo cha Sir, na tarehe 25 Desemba mwaka 1977 akaiaga dunia akiwa na miaka 88.

Sipendi tasnifu za kusifu tu. Chaplin alioa mara nne, na wake zake wawili wa kwanza walikuwa wasichana wa miaka 16 alipowaoa. Jambo hilo halisafishwi na kicheko chochote, na mwanafunzi ana haki ya kuambiwa. Baniani mbaya, kiatu chake dawa: tukitumie kiatu bila kudai kwamba mwenye kiatu alikuwa malaika.

Kiatu chenyewe kimetembea hadi kwetu kwa njia nyingi. Watazamaji wa pwani waliomshangilia Raj Kapoor katika Awaara ya mwaka 1951 na Shree 420 ya mwaka 1955 walikuwa wakimtazama mzururaji yule yule, sasa akiimba Kihindi. Nao wachekeshaji wetu waliovaa suruali pana na makoti yasiyowatosha wamekuwa wakimlipa Chaplin deni, hata pale wasipomjua mdai wao.

Nina pendekezo kwa walimu. Shule zetu hupeleka filamu fupi katika Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, na nyingi ya kazi za wanafunzi tunazoziona hujaa maneno: kila mhusika huhutubia na kila funzo hutangazwa kama tangazo la mkutano. Waonyesheni wanafunzi dakika 10 za City Lights. Kisha wapeni kazi mbili. Ya kwanza, waandike kwa Kiswahili sanifu yale waliyoyaona, neno la tukio badala ya neno la sifa. Ya pili, watunge onyesho la dakika 3 lisilo na usemi wowote, ambamo mtu mmoja anamdhania mwingine kuwa asivyo. Mwanafunzi atakayeufumbua mlango wake wa gari atakuwa amejifunza utunzi kuliko aliyekariri tamathali 20. Na huenda yule mtoto anayenyamaza darasani, asiyepata alama kwa kinywa, ndiye atakayetangulia kuupata.