Leland Olds: Aliyewabana wenye mabomba ya gesi waonyeshe hesabu

Mkulima mwenye mahindi shambani na lori moja tu linalofika kijijini hana nguvu ya kubishania nauli. Mwenye lori akisema gharama zimepanda, mkulima hulipa, kwa sababu hana namna ya kujua kama ni kweli.

Wakazi wa miji mingi ya Marekani walikuwa katika hali hiyo kabla ya mwaka 1938. Gesi asilia ya kupikia na kuendeshea viwanda ilisafiri kwa bomba kutoka majimbo ya mbali, na mwenye bomba ndiye aliyepanga bei. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo wa mwaka 1924, serikali za majimbo hazikuwa na uwezo wa kudhibiti bei ya jumla ya gesi inayovuka mpaka wa jimbo, na serikali ya shirikisho ilikuwa haijatunga sheria. Pengo hilo ndilo lililompa Leland Olds kazi ya maisha yake.

Olds alizaliwa Desemba 31, 1890 katika mji wa Rochester, jimbo la New York. Baba yake alikuwa profesa wa hisabati, na yeye mwenyewe alisoma somo hilo katika Chuo cha Amherst. Katika miaka ya 1920 alikuwa mwandishi wa habari za viwanda na wafanyakazi, akizishambulia vikali kampuni kubwa. Mwaka 1931 Franklin Roosevelt, akiwa gavana wa New York, alimwingiza katika mamlaka ya umeme ya jimbo hilo. Mwaka 1939, Roosevelt akiwa Rais, alimteua kwenye Tume ya Nishati ya Shirikisho, na mwaka uliofuata Olds akawa mwenyekiti wake.

Tume hiyo ilikuwa imepewa silaha mpya, Sheria ya Gesi Asilia ya mwaka 1938. Sheria iliwataka wenye mabomba yanayovuka majimbo kuwasilisha viwango vyao vya tozo serikalini, kuviweka wazi ili mtu yeyote avikague, na kutoa notisi kabla ya kuvibadili. Pia walitakiwa kutunza vitabu kwa mtindo uliowekwa na tume na kupeleka taarifa zao.

Umuhimu wa vitabu ulionekana katika kesi ya kampuni ya Hope Natural Gas ya West Virginia, iliyouza gesi yake nyingi katika jimbo la Ohio. Miji ya Cleveland na Akron ililalamika kuwa bei ilikuwa kubwa mno.

Tozo ya bomba hukokotolewa kwa kujumlisha gharama za uendeshaji na faida halali juu ya mtaji uliowekezwa. Mtaji ukitiwa chumvi, mlaji hulipia chumvi hiyo kila mwezi. Hope ilitaka mtaji uhesabiwe kuwa takriban dola milioni 66 na faida iwe asilimia 8. Tume ilipopekua vitabu na kutoa uchakavu, ilipata takriban dola milioni 33.7. Ilikataa pia kuingiza dola milioni 17 ambazo miaka ya nyuma kampuni ilikwisha kuziandika kama gharama za uendeshaji. Faida ikawekwa asilimia 6.5. Mwaka 1942 kampuni iliamriwa kupunguza mapato yake kwa zaidi ya dola milioni 3.6 kwa mwaka, na mwaka 1944 Mahakama Kuu iliunga mkono amri hiyo.

Ushindi huo ulimletea maadui. Olds alitaka hata bei ya gesi kisimani, inapouzwa kwa mwenye bomba, idhibitiwe. Rais Truman alipomteua tena mwaka 1949, kamati ndogo ya Seneti chini ya Lyndon Johnson wa Texas, jimbo la visima, ilifufua makala zake za miaka ya 1920 na kumpaka sura ya ukomunisti. Seneti ilimkataa kwa kura 53 dhidi ya 15. Alifariki Agosti 1960 akiwa na umri wa miaka 69.

Mwaka 1954 Mahakama Kuu iliamua kwamba bei ya kisimani nayo idhibitiwe, kama alivyotaka. Hapo matokeo hayakuwa mazuri. Bei iliwekwa chini mno, uchimbaji ukazorota, na miaka ya 1970 gesi ikaadimika. Mwaka 1989 Bunge lilipitisha sheria ya kuondoa udhibiti huo.

Taarifa za tozo za mabomba, hata hivyo, hazikufutwa. Mwaka 2010 FERC, tume iliyorithi kazi hiyo, iliwaagiza hata wenye mabomba ya ndani ya jimbo wanaohudumia biashara ya majimbo mengine kutoa taarifa kila robo mwaka za mikataba ya kusafirisha na kuhifadhi gesi.

Tofauti ni kwamba visima vina wauzaji wengi wanaoshindana, lakini bomba mara nyingi ni moja. Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo, somo ni hilo. Palipo na wauzaji wengi, ushindani unaweza kupunguza bei. Palipo na ghala moja, mizani moja au kinu kimoja, ulizeni hesabu kwanza, kisha mjadili tozo.